Vidole Vinne Nyuma ya Majani

4 Februari

Mpwa wangu, msomi wetu wa pekee,

Pokea salamu nyingi kiasi kwamba karani wa posta ameipima bahasha mara mbili akidhani nimekuwekea tofali. Huku wazima. Goti langu la kushoto tu ndilo siku hizi limekuwa na maoni yake. Mke wangu ameiona picha yako, anasema umekonda, vitabu haviliwi. Mama yako yupo, anakula, anatawala. Jana kanifukuza chumbani kwake kwa kosa la kuingia na viatu. Mimi, kaka yake, niliyekipaka chumba hicho rangi mara tatu!

Kifaa chako cha kupima unyevu kimefika salama. Nimekijaribu kwenye kila kitu, mpaka kwenye paji la uso la jirani yetu kinyozi. Kikasema anafaa kuoteshwa nyanya. Na kazi yako nimeielewa, usidhani sijaielewa. Unasoma makala zote ambazo dunia imeandika juu ya kuingiza mimea, mbao, maji na mwanga wa jua ndani ya majengo. Unazihesabu, unatazama watafiti wamekimbilia wapi. Umeona wote wanapima siku ukuta wa majani ukiwa mpya, unang'aa kama bwana harusi, halafu hakuna anayerudi baada ya miaka miwili kuujulia hali. Unamtaka mtu anayerudi. Basi umempata. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kuta za majani nimefunga kumi na tisa, na mbili kati yake mawaziri wamepigia picha. Kuna balozi alinikumbatia mpaka nikasahau ngazi yangu kwake.

Nakutumia namba za kuta nane: benki, hoteli mbili, ofisi ya mwanasheria, na nyingine utaziona kwenye jedwali. Zote kavu mgongoni, nyuma ya majani.

Habari kubwa nimeiweka mwisho, kama mtu mzima. Daktari mwenye zahanati ya barabara kuu ameuona ule ukuta nilioufunga chumbani kwa mama yako alipotoka operesheni ya nyonga. Ameupenda. Anataka vyumba ishirini vya wagonjwa, majani kichwani mwa kila kitanda, vilevile bila kubadili kitu. Anachodai ni karatasi ya chuo kikuu yenye namba. Nikamwambia, "Daktari, chuo kikuu ni mpwa wangu."

Jibu kwa barua, usinipigie. Profesa wako si anataka maandishi yenye tarehe? Halafu mama yako ana masikio ya paka.

Mjomba wako,
Bingwa wa Majani


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mwenzangu wa chumba akadhani nagombana na mtu. Huku baridi inapungua. Naomba umwambie mke wako kwamba nakula, na kwamba ile picha ilipigwa na mtu asiyejua kupiga picha.

Profesa amezipenda namba zako. Anasema hajapata fundi anayeandika safi hivi. Jivune kidogo, ila kidogo tu, nakujua.

Nimeshapitia makala elfu moja na kitu. Zamani walipima dirisha: mgonjwa anayeuona mti na mgonjwa anayetazama tofali. Wakahamia mimea ya kwenye vyungu maofisini, kisha kuta kama zako, kisha mbao na sauti za ndege. Sasa mtindo ni kumvalisha mtu miwani aone msitu ambao haupo, huku wakimpima mapigo ya moyo. Nyingi ni za dakika kumi, na wanaopimwa ni wanafunzi wenye afya zao. Juu ya kinachotokea nyuma ya majani, mahali ambapo mtu analala kila siku, nimepata makala tatu. Tatu, Mjomba.

Ndiyo maana nimeshangaa. Kwenye jedwali lako ukuta wa chumbani kwa Mama haumo. Benki watu hupita. Hotelini hulala siku mbili wakaondoka. Mama analala kichwa kikiwa kimegusa majani, na tangu ile operesheni hata mchana anakaa humo humo. Ukuta huo nauhitaji kuliko zile nane zote.

Na kikohozi cha Mama ni cha tangu lini? Jumapili nilipompigia alikohoa mpaka akaiweka simu chini. Aliporudi akasema amepaliwa na chai. Jumapili iliyotangulia pia alipaliwa na chai.

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu mdadisi,

Hatujambo, ila umenitisha, nilidhani naandikiwa na polisi. Mke wangu amekubali kwamba unakula, ila anataka picha nyingine, safari hii ukiwa umeshika sahani. Kinyozi amefungua tawi la pili na ananiomba nimfungie majani. Nimemwambia nywele zitaangukia humo na mimea itaota ndevu.

Mama yako kunywa chai kwa pupa hakuanza leo. Halafu barabara ya mbele wanaichimba, vumbi tupu, mtaa mzima unakohoa. Hilo limekwisha.

Kuchelewa kwangu kuna sababu tamu. Kuanzia tarehe kumi na moja mpaka kumi na tisa sikuwa mjini kabisa. Saa tisa ndani ya basi kwenda, saa tisa kurudi, nafunga ukuta kwenye hoteli ya ghorofa sita. Meneja akaniuliza, "Mzee, haya mambo umesomea wapi?" Nikamwambia, "Nyuma ya ukuta." Akacheka mpaka tai ikamlegea.

Haya, namba zako za chumbani kwa mama yako, asilimia ya unyevu. Tarehe 2, kumi na mbili. Tarehe 9, kumi na tatu. Tarehe 16, kumi na mbili. Tarehe 23, kumi na mbili. Kavu kama mkate wa juzi. Nimepima kwa mkono wangu mwenyewe. Kifaa hakiguswi na mtu, nimekifungia kabatini na ufunguo nauvaa shingoni kama hirizi.

Mama yako anaupenda ukuta ule kuliko anavyotupenda sisi. Kila asubuhi anahesabu majani mapya. Anasema ndiye mgeni pekee asiyemchosha.

Daktari anasaini mwezi wa sita. Karatasi ya chuo isichelewe.

Mjomba wako


15 Aprili

Shikamoo Mjomba.

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima. Mitihani ya wenzangu imeanza, jengo zima kimya, hata milango wanaifunga kwa adabu.

Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta namna ya kuanza. Sijaipata, basi naanza hivyo hivyo.

Tarehe 16 Machi ulikuwa ukifunga ukuta wa hoteli, mwendo wa saa tisa kwa basi kutoka nyumbani. Umeniandikia mwenyewe. Kifaa kilikuwa kabatini, ufunguo shingoni mwako. Ukuta wa Mama tarehe 16 Machi aliupima nani?

Kuna jingine. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanichukua kazini nikushikie skrubu, na kila fremu ulipoifunga ulinifundisha jambo moja. Uliweka vidole vyako vinne kati ya fremu na ukuta, ukasema, "Hapa hewa inapita, maji yakivuja yanaanguka chini kwenye trei. Fundi asiyeacha vidole vinne anajenga bwawa." Nakumbuka mpaka sauti uliyoisemea.

Mama amenitumia picha yake ameketi kitandani. Nyuma yake mlango wa kabati la marehemu baba uko wazi kabisa. Chumba kile nimekulia humo, Mjomba, nakijua hatua kwa hatua. Kitanda, fremu na vidole vinne haviwezi kukaa pale kabati likafunguka. Kimojawapo hakipo. Kitanda nakiona. Fremu naiona.

Kihamishe kitanda leo. Usingoje jibu langu, wala usingoje kunikasirikia kwanza. Kihamishe halafu ukasirike.

Mpwa wako


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Wiki tano. Simu unaikata. Mke wako kila nikimpigia anasema umetoka, na nyuma yake nakusikia ukikohoa kile kikohozi cha uongo cha mtu anayejificha. Cha uongo nakijua, kwa sababu cha kweli nakisikia kila Jumapili. Juzi Mama alishindwa kumaliza kunisalimia.

Sina ndugu mwingine huko wa kumtuma, na Mama mwenyewe hakubali kitu. Nimemwuliza mara nne kama chumba kina harufu. Anasema kinanuka msitu.

Nina jambo la kukiri, pengine ndilo unalolingoja. Wazo la ule ukuta lilikuwa langu. Mama alipotoka hospitali ni mimi niliyekuandikia kwamba utafiti umethibitisha: mgonjwa anayelala karibu na majani anapona haraka. Nilikuwa na miezi minne tu chuoni. Makala zenyewe nilikuwa nimesoma muhtasari tu, aya ya juu, basi. Nilitaka uone kwamba mpwa wako amekuwa mtu. Sasa nimezisoma zote mpaka mwisho, na hakuna hata moja iliyomlaza mtu miezi ishirini na sita chini ya udongo wenye maji.

Kwa hiyo sikuandikii kama hakimu. Ila karatasi ya chuo haitatoka. Na ikifika tarehe kumi na tano Juni sijapata neno lako, namwandikia daktari mwenyewe kila kitu, pamoja na tarehe 16. Ana vitanda ishirini.

Mpwa wako


9 Juni

Mpwa wangu,

Leo salamu zangu ni fupi. Mke wangu hajambo. Mimi sijui.

Barua ya Aprili niliisoma nikakasirika siku kumi. Nikasema huyu mtoto nilimbeba mabegani, leo ananipimia vitanda kwenye picha! Siku ya kumi na moja hasira ikaisha nikabaki na barua. Hapo ndipo palipokuwa pabaya.

Pengo sikuacha. Mama yako alikataa kabati lisisogezwe hata unywele. Makoti ya marehemu shemeji yangu yamo mle, na anapenda kulifungua asubuhi ayatazame. Kitanda hakikuingia. Nilipima mara sita, vilivyokosekana ni vidole vinne tu. Akaniambia, "Kaka, wewe fundi mkubwa, huwezi kupata njia?" Ukishaniita mkubwa mimi nimekwisha. Nikaigongomelea fremu juu ya plasta na karatasi moja ya nailoni. Nikajiambia mimi nimefunga kuta za mawaziri, maji yananiheshimu.

Harufu niliisikia tangu Novemba. Nikanunua manukato ya chumba. Umeelewa? Mjomba wako, bingwa, amenunua manukato. Kifaa chako nilikibandika mara moja tu nyuma ya majani yale, kikasoma arobaini na moja, nikakitoa haraka kama kimeniunguza. Namba nilizokutumia ni za ukuta mtupu wa sebuleni. Ya tarehe 16 nimeitunga. Nilipenda sana kukusimulia ile safari ya hoteli, nikasahau kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili.

Juzi Jumamosi daktari alikuja aione kazi kwa mara ya mwisho kabla ya kusaini. Amekuja na kalamu mkononi. Mama yako amejipamba, amekaa wima mbele ya majani yake. Daktari anauliza, "Mama, tangu uwekewe ukuta huu unajisikiaje?"

"Kama msichana," anasema, na kabla hajafunga mdomo kikohozi kikamkamata. Si kidogo. Kilimkunja mpaka leso ikaanguka.

Daktari kalamu kairudisha mfukoni. "Hiki ni cha tangu lini?"

"Chai," mama yako anasema. Hakukuwa na kikombe chumbani. "Chai imenipalia, daktari. Hebu saini karatasi ya watu, kaka yangu anangoja."

Mpwa wangu, nimedanganya wateja, nimedanganya mapolisi wa barabarani, hata wewe nimekudanganya, na usingizi unakuja vizuri. Lakini kumwona dada yangu anamdanganya daktari, pumzi hana, kwa ajili yangu! Nikasema, "Daktari, nisaidie kukisogeza kitanda hiki."

"Kaka, unafanya nini?"

"Shika upande huo, daktari."

"Ukiyang'oa majani yangu," mama yako akasema, "chimba na kaburi kabisa."

Nikaing'oa fremu. Skrubu hazikuhitaji hata kufunguliwa, zilitoka kwa mkono. Plasta ikaja nayo, imelowa kama mkate kwenye supu. Nyuma kulikuwa kweusi kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua, kuvu yenye manyoya, na pale mto wake unapoegemea ndipo peusi kuliko pote. Daktari alimfunika mama yako pua kwa shuka, tukambeba na kiti chake mpaka nje.

Yuko zahanati sasa, kitanda cha dirishani, chumba kisicho na jani hata moja. Wamempiga picha ya kifua. Pafu la kulia lina kitu. Daktari anasema wataanza dawa, na majibu ya kweli ni baada ya miezi. Kuhusu vyumba ishirini, aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini tu, "Mzee, nenda nyumbani."

Tarehe kumi na tano usimwandikie. Ameshaona.

Mjomba wako


1 Julai

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimelia, nikanawa uso, nikaenda darasani. Jioni nikaisoma tena.

Mama nimezungumza naye. Sauti imerudi kidogo, anamaliza sentensi. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba una moyo wa jiwe. Nikadhani anasema juu ya kuvu. Kumbe ni juu ya majani. Nilimweleza kwa urefu, akasikiliza, akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Lakini angeniuliza."

Tiketi nimepata ya Septemba, baada ya kuwasilisha kazi. Profesa anataka ukuta wa Mama uingie kwenye tasnifu. Anasema makala elfu moja zinakimbilia mbele, na huu ndio ukurasa unaorudi nyuma kutazama. Lakini bila ruhusa yako haiingii hata nukta. Jina halitakuwepo, ila mjini kwenu fundi wa kuta za majani ni mmoja, na daktari ataisoma, na wateja wako wataisoma.

Nimeandika hivi. Soma polepole:

"Mtafiti alimpa fundi muhtasari wa makala ambazo yeye mwenyewe hakuwa amezisoma kikamilifu, na ukuta ukajengwa kwa kutegemea muhtasari huo. Fundi hakujua umuhimu wa kuacha nafasi ya hewa kati ya fremu na ukuta. Baada ya miezi ishirini na sita unyevu ulifikia asilimia arobaini na moja, na mkazi wa chumba alikuwa na maradhi ya kifua."

Sentensi ya katikati nimeiandika hivyo makusudi. Mtu hamlaumu fundi kwa asichofundishwa. Ukikubali, weka sahihi chini ya nakala hii uirudishe.

Mpwa wako


22 Julai

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa mke wangu, na kutoka kwa kinyozi ambaye amefuta wazo la majani, sasa anataka samaki. Goti langu limenyamaza, nadhani linanionea huruma.

Mama yako amerudi nyumbani Jumatatu. Analala sebuleni, madirisha yote wazi, kabati la shemeji tumelileta huko huko, watu wanne tulilibeba. Dawa anakunywa. Kukohoa bado, asubuhi hasa, na ngazi tatu za mlangoni anazipanda kwa vituo. Daktari hakuahidi kitu. Anasema pafu hilo huenda likabaki na kovu, huenda lisibaki, tungoje. Mimi kungoja sijui, lakini nangoja.

Haongei na mimi. Nikiwa nimekaa hapo hapo, hatua mbili, anamwambia mke wangu, "Mwambie ndugu yangu asogee, ananizibia mwanga." Mke wangu ananigeukia, "Umeambiwa usogee." Nasogea. Jana aliniletea maneno hivyo hivyo: "Mwulize kama amekula." Mke wangu akataka kurudia, nikasema nimesikia, nikatoka nje nikakaa kwenye kibaraza muda mrefu.

Karatasi yako nimeisoma mara nyingi, na kinyozi akanisomea pale palipokuwa na maneno marefu. Mwanzo ni sawa. Umejitaja, umefanya kama mtu mzima, marehemu baba yako angesimama. Mwisho ni sawa, arobaini na moja ndiyo niliyoiona kwa macho yangu. Wateja najua wataisoma. Yule wa hoteli ya pili ameshaniambia nipite siku nyingine.

Lakini ile ya katikati siweki sahihi. Miaka ishirini na sita niko kwenye kazi hii! Watu wananiita kutoka miji ambayo sijui kuitamka, mtoto mdogo anayeshika skrubu nimemfundisha vidole vinne mpaka akapanda ndege navyo, halafu niandikwe kitabuni kwamba sikujua? Atakayekuja kusoma atasema, maskini, fundi wa mtaani, angefundishwa yasingetokea. Atacheka kidogo, atafunga kitabu, atakwenda kulaza mtu mwingine chini ya majani kwa sababu yeye amefundishwa.

Nimeikata kwa kalamu yangu, utaona wino. Juu yake nimeandika mbili, na chini ya hizo ndipo sahihi yangu ilipo:

Fundi alijua. Aliambiwa yeye ni mkubwa.

Mjomba wako